Mchagua chambo ndiye mvuvi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimu wenzangu huipenda sana methali hii wanapomkemea mwanafunzi anayelalamikia kalamu ilhali insha haijaandikwa, na katika muktadha huo sina ugomvi nayo. Hata hivyo, iko kazi moja ambayo methali hiyo haiifai hata kidogo, nayo ni kumvua trauti katika maji yaliyotuama. Kwenye ziwa au bwawa, mchagua chambo ndiye mvuvi. Asiyejua kwa nini amekichagua alichokifunga kwenye ncha ya mshipi wake huwa anayachapa maji tu, na siku akibahatika kupata samaki hajui amempataje.

Lipo swali ambalo wavuvi wa trauti hawachoki kuulizana, wawe Uingereza, Marekani, New Zealand au kwenye miinuko ya Mlima Kenya: lau ungeruhusiwa kwenda ziwani na chambo kimoja tu, ungekwenda na kipi? Aghalabu swali hilo huulizwa kwa mzaha na kujibiwa kwa majigambo, kila mtu akikitaja kile kilichompa samaki mkubwa mwaka fulani. Mimi nalichukulia kuwa swali zito la elimu, na jibu linaloegemea bahati ya siku moja si jibu. Nitalitoa langu hapa na kulitetea, maana naamini linamhusu mwalimu wa sayansi na mwanafunzi wake hata kama hawajawahi kushika mshipi maishani mwao.

Kwa manufaa ya wasiomjua, trauti ni samaki wa maji baridi yenye hewa tele. Si mwenyeji wa nchi yetu. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, na kutiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Anayetajwa kuwa aliyefanya hivyo ni mlowezi Ewart Grogan. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni pande za Bahari ya Pasifiki. Tangu hapo samaki hawa wameishi katika mito ya Nyandarua na Mlima Kenya, katika mabwawa ya nyanda za juu, na katika maziwa machache ya mlimani kama vile Rutundu, lililo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa hilo lilivuma dunia nzima mwaka 2010 Mwanamfalme William alipomchumbia Kate Middleton huko. Magazeti yaliandika mengi juu ya pete na machache mno juu ya trauti.

Chambo cha jadi cha kumvulia samaki huyu si mnyoo wala kipande cha nyama. Ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya, nywele na nyuzi hadi ikafanana na kiumbe fulani cha majini. Mvuvi wa pwani hutegemea chubwi, kile kipande cha risasi kinachouvuta mshipi kwenda chini. Huyu wa trauti hana chubwi. Chambo chake ni chepesi kiasi kwamba hakiwezi kurushwa chenyewe. Kinachorushwa ni mshipi mnene uliotengenezwa uwe na uzito wake, nao hukikokota chambo hewani jinsi sindano inavyoukokota uzi.

Waingereza hukiita chambo hiki kwa jina la nzi, na hapa mwanaisimu lazima asite kidogo. Neno lao ni pana mno: limo ndani ya majina yao ya kipepeo, ya kereng'ende na ya wadudu wengine chungu nzima. Nzi wetu ni yule wa jikoni na wa kidondani. Kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno na kusema "nzi bandia" humpotosha mwanafunzi mara mbili. Kwanza, humtia picha ya mdudu asiyehusika kabisa. Pili, na hili ndilo kubwa, humfanya aamini kwamba trauti wa ziwani hula vitu virukavyo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mlo wake huipata chini ya uso wa maji: mabuu, pupa, konokono, ruba, viroboto vya maji, vifaranga vya samaki. Vyambo vingi vinavyovuliwa ziwani haviigi mdudu mwenye mabawa hata mmoja. Mimi hukiita chambo cha manyoya, na nitaliendeleza jina hilo katika makala haya.

Suala la alacho trauti liliwagawanya wavuvi wa Uingereza kwa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 19 Frederic Halford na wafuasi wake walishikilia kwamba, katika vijito vya Hampshire, njia ya heshima ni kuelesha chambo juu ya maji tu. Mwanasheria G.E.M. Skues akawapinga kwa hoja nyepesi: ikiwa samaki anakula chini, kwa nini tumvulie juu? Ugomvi huo ulikuwa wa mtoni, lakini ziwani hoja ya Skues ina nguvu maradufu. Mtoni maji humletea trauti chakula. Yeye hujibanza nyuma ya jiwe akangoja kiletwe, na hana budi kuamua upesi kabla hakijapita. Ziwani hakuna wa kumletea. Lazima atembee, na hutembea katika kina fulani, kile ambacho siku hiyo kina chakula, mwanga wa kiasi na joto linalomfaa. Tena ana wasaa wa kukizunguka kitu na kukikagua. Chambo kizuri kilicho mita moja juu ya njia yake ni sawa na kitabu kizuri kilichofungiwa kabatini.

Watu wa kwanza kulielewa jambo hili vyema hawakuanza na chambo, walianza na tumbo. Katika miaka iliyokuwa kati ya vita viwili vikuu, daktari mmoja wa vijiji vya karibu na bwawa la Blagdon, Somerset, aliyejulikana kama Dkt. Bell, alikuwa akiwapasua samaki aliowavua, akaangalia walichokula, kisha akafunga ndoana zinazofanana na hicho. Jambo lenyewe ni dogo, lakini lilibadilisha uvuvi wa mabwawa nchini humo. Mwaka 1975 mwandishi Brian Clarke alichapisha kitabu kiitwacho The Pursuit of Stillwater Trout, ambamo alisisitiza njia hiyohiyo ya kumsoma samaki kwanza na kuchagua baadaye. Wavuvi wa mabwawa hutumia hata kijiko chembamba kirefu ambacho huingizwa kooni mwa samaki aliyekwisha kuuawa kikatoka na mlo wake wa mwisho. Si jambo la kupendeza kulitazama, lakini nalithamini kuliko matangazo yote ya wauza vyambo.

Tuje basi kwenye uchaguzi wenyewe. Siku hizi, katika mabwawa mengi ya Uingereza, chambo kinachopendwa na wenye haraka huitwa Blob. Ni donge la nyuzi zinazong'aa, la rangi ya machungwa au ya waridi, lisilofanana na chochote alichokiumba Mungu. Wako wanaodai kwamba donge hilo huigiza kundi la viroboto vya maji, ambavyo huweza kuwa na wekundu fulani vikisongamana. Huenda. Mimi naona sababu iko karibu zaidi: samaki wengi wa mabwawa hayo wamelelewa kwenye vidimbwi wakilishwa punje, wakamwagwa bwawani wakiwa wakubwa, na hawajajifunza bado kipi ni chakula na kipi si chakula. Blob huwanasa wageni hao kwa wingi. Baada ya majuma machache, wale walionusurika huerevuka, na donge halitishi tena. Chambo kinachofanya kazi kwa sababu samaki ni mjinga hakiwezi kuwa chaguo la kudumu la mtu anayetaka kujua jambo.

Mshindani wa maana zaidi ni Woolly Bugger, uliofungwa mwaka 1967 na Russell Blessing wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. (Nusu ya pili ya jina hilo siwezi kuitafsiri katika gazeti linalosomwa na familia.) Una mwili wa uzi wa manyoya, unyoya wa jogoo uliozungushwa toka mwanzo hadi mwisho, na mkia wa manyoya laini yaitwayo marabou. Jina hilo la manyoya ni la yule korongo mwenye upara ambaye wakazi wa Nairobi humwona kwenye miti ya kandokando ya barabara, ingawa siku hizi manyoya yenyewe hutoka kwa bata mzinga. Mkia huo ukivutwa majini hupumua, ukafumba na kufumbua. Trauti anaweza kuudhania kuwa ruba, buu la kereng'ende, kifaranga cha samaki au jitu jingine lolote lenye nyama. Nguvu yake ni hiyo, na kwa maoni yangu udhaifu wake ni huohuo. Umempata samaki, vyema; alidhani anakula nini? Hujui. Chambo kinachosema kila kitu hakimwambii mvuvi kitu.

Mimi nachagua Diawl Bach.

Hiki ni chambo cha Wales, nchi nilikosomea shahada yangu ya uzamifu, na hadi leo ni miongoni mwa vyambo vinavyotumiwa zaidi katika mabwawa ya Uingereza nzima. Kukitazama ni kukidharau. Ndoana ndogo, mwili wa nyuzi za unyoya wa tausi, mkia mfupi wa nywele chache za unyoya wa shingo la jogoo, rangi ya kahawia, na kidevu cha nywele hizohizo. Wengi huuzungushia mwili waya mwembamba wa shaba au wa fedha ili usikatike kwa meno ya samaki. Ni hayo tu. Ukikiweka kwenye kiganja cha mtu asiyejua atakipuliza akidhani ni uchafu.

Jina lake ni la Kiwelisi: diawl ni shetani, bach ni mdogo. Mswahili huliona mara moja jambo ambalo Mwingereza hulipindua, kwamba Kiwelisi, kama lugha yetu, hutanguliza nomino na kufuatisha kivumishi. Shetani mdogo, neno kwa neno, bila kuhamisha chochote. Tena bach hutumiwa pia kwa mapenzi, mtu akimwita mwenzake kwa upole, hivyo tafsiri iliyo karibu zaidi pengine ni kijishetani. (Si kishetani, tafadhali, hiyo ni namna ya kutenda, nasi tunayo ya kutosha.) Linalonifurahisha ni kwamba Waingereza hawakuthubutu kulitafsiri. Lugha yenye wasemaji wachache mno kuliko Kiswahili imewafanya wavuvi wa lugha kubwa walitamke jina lake kama lilivyo, kwa kuwa waliokijua kitu hicho ndio waliokipa jina.

Kinaigiza nini? Hasa kinaigiza pupa wa usubi wa maji usiouma, jamii ambayo wanabiolojia huiita kironomidi. Wadudu hawa wako karibu kila penye maji yaliyotuama duniani, kuanzia kaskazini kwenye barafu hadi kwenye ikweta. Wenyeji wa kandokando ya Ziwa Victoria wanawajua pamoja na binamu zao, maana huinuka ziwani makundi kwa makundi kama moshi wa nyumba inayoungua, wakajaa kwenye taa na kwenye chai. Katika matope ya maziwa ya Afrika Mashariki wataalamu wameyakuta mabaki ya vichwa vya mabuu hawa yaliyohifadhika kwa maelfu ya miaka, wakayatumia kukadiria hali ya hewa ya kale. Yai hutagwa majini. Buu huishi ndani ya tope, na wengi wao ni wekundu kwa sababu wana himoglobini inayowawezesha kuishi pasipo na hewa nyingi. Kisha hugeuka pupa. Wakati wake ukiwadia, pupa huyo hutoka topeni akapanda polepole mno kuelekea juu, huku hewa iliyo chini ya ngozi yake ikimetameta, hadi anafika usoni pa maji na kuning'inia hapo kabla hajapasua ngozi na kuruka.

Safari hiyo ya kupanda ndiyo karamu ya trauti. Pupa hana miguu ya kukimbilia wala ganda la kujikinga. Samaki hahitaji kumfukuza. Hufungua kinywa tu njiani. Na hapo ndipo unyoya wa tausi unapostahili bei yake. Rangi yake haitokani na wino uliomo ndani ya unyoya, bali na jinsi vitu vidogo sana ndani yake vilivyopangika na kuugawa mwanga. Kwa hiyo hubadilika mwanga unapobadilika: mara kijani, mara shaba, mara karibu weusi. Rangi iliyopakwa haiwezi kufanya hivyo. Ngozi ya pupa yenye hewa chini yake hufanya jambo la namna hiyohiyo.

Kukivua kwahitaji uvumilivu ambao vijana wengi, na wazee wengi pia, hawana. Chambo hurushwa kwa mshipi unaoelea, kikaachwa kizame. Mvuvi huhesabu moyoni: kumi, kumi na tano, ishirini. Kisha huukusanya mshipi mkononi kidogokidogo kwa vidole, au asiukusanye kabisa, auachie upepo uubebe kwa upinde huku akiutazama pale unapoingia majini. Samaki akikichukua hutasikia mshtuko wa nguvu. Utaona mshipi ukisita, au ukinyooka kwa kiasi cha upana wa kidole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka cha kina cha mita mbili sharti angoje hesabu ifike. Kwenye Llyn Brenig, bwawa kubwa lililo juu ya nyanda za Denbigh, ambako upepo haupumziki, nimewaona wavuvi wakikirusha na kukivuta chambo hiki mbio kama wanaokimbizwa, kisha wakikitupa kisandukuni na kukilaumu. Hakuna pupa duniani apandaye kwa mwendo huo.

Sasa nije kwenye hoja ninayoiona kuwa kiini cha suala zima. Watu hudhani kwamba mwenye chambo kimoja apendacho ni mvivu au mshirikina. Mimi nasema ndiye pekee anayeweza kujifunza. Katika taaluma yangu, tukitaka kujua kama sauti mbili ni tofauti kweli katika lugha, tunatafuta maneno mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa hapo. Pata na bata. Kila kitu kimesimama palepale, p na b tu ndizo zimebadilishana, na maana imegeuka. Basi tunajua kilichoigeuza. Mvuvi anayebadilisha chambo kila baada ya dakika kumi hubadilisha bila kukusudia na kina, na mwendo, na mahali, maana muda umepita na upepo umegeuka. Akimpata samaki, ni kipi kilichomleta? Hawezi kusema. Lakini aliyeacha chambo kilekile mchana kutwa, akahesabu kumi, kisha kumi na tano, kisha ishirini, akapata samaki watatu kwenye ishirini na asipate hata mmoja kwingine, huyo amejua jambo moja la kweli kuhusu ziwa lile siku ile. Kesho atabadilisha mwendo na kuacha kina. Keshokutwa atahamia ufuo unaopigwa na upepo, ambako chakula kinachoelea hukusanyika, na kulinganisha.

Kwa sababu hiyo chambo cha kudumu hakina haja ya kuwa kile kinachonasa samaki wengi kupita vyote. Kinahitaji sifa mbili. Kiigize kitu ambacho trauti hukila karibu majira yote na karibu maziwa yote, ili kukosa samaki kusiwe kosa la chambo kila mara. Na kiwe sahili kiasi kwamba akikichukua tunaweza kukisia kwa haki alidhani nini. Blob haina sifa hizo zote mbili. Woolly Bugger una ya kwanza. Kijishetani kinazo zote.

Sidai kwamba kinashinda daima. Jioni ambapo trauti wanakula wadudu wakubwa wanaotambaa juu ya maji, kitapuuzwa. Wakati wanapofukuza vifaranga vya samaki kwenye maji ya kina kifupi, Woolly Bugger utakiaibisha, nami sitabisha. Nacho hakifai kwa mtu anayetaka samaki wa kitoweo kabla jua halijawa kali. Lakini hasara hizo zinajulikana na zina sababu zake, na hasara inayojulikana sababu ni nusu ya elimu.

Labda mwalimu aliyenisoma hadi hapa anauliza: haya yanamhusu nini mtoto wa Nyeri, Kirinyaga au Meru? Yanamhusu kwa njia ambayo ingepaswa kutuudhi. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga vyambo vya manyoya kwa mikono na kuviuza ng'ambo, na imefanya hivyo kwa miongo mingi. Katika karakana zetu wako mafundi, wake kwa waume, ambao hubana ndoana kwenye jiliwa na kuzungusha unyoya wa tausi kwa ustadi ambao mvuvi wa Ulaya hawezi kuufikia kwa jioni zake za mapumziko. Chambo hicho huvuka bahari, kikauzwa Wales kwa jina la Kiwelisi. Fundi anayekifunga aghalabu hajapata kukiona kikizama majini, kwani uvuvi wa trauti uliletwa uwe burudani ya walowezi, na hata baada ya uhuru umebaki mikononi mwa wachache wenye gari, kibali na siku ya kupoteza. Mtoto wake anasoma shule iliyo kilomita chache kutoka mto wenye trauti. Ukimwuliza jina la buu jekundu lililo kwenye tope la bwawa la jirani atakuambia ni mdudu. Mdudu tu.

Hapo kuna umaskini ambao hauponi kwa mshahara pekee. Mikono yetu inakijua chambo kwa undani, vichwa vyetu havijaambiwa kinaigiza nini, na lugha yetu haijapewa nafasi ya kukitaja. Wawelisi hawakuwa na utajiri mkubwa kutuzidi walipokipa jina lake. Walikuwa na mazoea ya kwenda ziwani wakiwa na macho.

Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atende na achunguze, wala asikariri tu. Somo moja ninalolipendekeza halihitaji hata samaki. Mwalimu na achukue beseni jeupe, kimia kidogo chenye matundu madogo na lenzi ya kukuzia, aende na darasa lake kwenye bwawa la nyanda za juu asubuhi ambayo upepo ni mdogo. (Kwenye mabwawa ya nyanda za chini asimruhusu mtoto aingie majini, kichocho hakina mzaha.) Wachote tope la ukingoni na kulisafisha ndani ya kimia, wamwage kilichobaki kwenye beseni, wangoje maji yatulie. Baada ya muda beseni litaanza kutembea. Wataona mabuu mekundu yakijikunja na kujikunjua, huenda na pupa wakijipinda kupanda juu, buu la kereng'ende likinyemelea, ruba akijipima kama fundi cherehani apimavyo kitambaa. Wayachore. Wayatafutie majina kwa Kiswahili, na kwa Kikikuyu au Kimeru kama babu na nyanya zao wanayo, na pasipokuwa na jina walibuni na kulitetea mbele ya wenzao. Kisha mwalimu atoe mfukoni chambo kimoja cha manyoya, akiweke ndani ya maji ya beseni lilelile, awaulize wanafunzi ni nani kati ya viumbe hawa aliyeigizwa.

Darasa lililofanya kazi hiyo litanielewa kwa nini nilimchagua kijishetani, na litakuwa na haki ya kunipinga. Pengine litagundua kwamba katika bwawa lao mabuu ya kereng'ende ni mengi kuliko pupa, na kwamba mimi mgeni natoka na chambo cha kwingine. Nitafurahi kushindwa kwa hoja ya namna hiyo.

Kwa atakayekifunga mwenyewe, namba za ndoana huenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Namba 12 yafaa upepo unapoyakunja maji, na namba 14 yanapokuwa kioo. Nyuzi mbili au tatu za tausi zasokotwa pamoja na uzi wa kufungia kabla ya kuzungushwa, la sivyo samaki wa pili atazikata. Mkia uwe mfupi, nywele zake zisizidi nane. Wafungaji wengi huweka manyoya mengi mno, na pupa ni kiumbe mwembamba.